Sodiamu Haiulizi Kwenu Wapi

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nchi nzima ilikuwa ikiongea gesi. Gesi bungeni, gesi kwenye daladala, gesi hadi kwenye mahubiri ya Jumapili. Kampuni zilikuwa zimeikuta chini ya bahari huko kusini, na kila mzazi mwenye mtoto aliyefaulu sayansi alishamwona mwanawe kavaa kofia ngumu ya njano. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akinilipia ada, alikuwa amekata shauri kwa niaba yangu. Nilikuwa nimechukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, bila hesabu ya kutosha kwa uhandisi, basi nisome kemia. "Kemia ndiyo itakuingiza kwenye gesi, mama," aliniambia. "Huko kwingine utaishia kufundisha."

Sikumbishia, maana kemia nilikuwa naipenda kweli. Mpaka leo napenda ule muda wa titresheni ambapo tone moja tu linaangukia chupani, maji yanageuka waridi, na hayarudi tena kuwa meupe. Kemia inakupa jibu, unaliandika, unakwenda kula. Na watu wanaosema walichagua sayansi yao kwa ajili ya fumbo lake kuu huwa siwaamini sana. Kila sayansi ina fumbo lake kuu. Fizikia ina mwanzo wa ulimwengu, kemia ina chanzo cha uhai, jiolojia ina tumbo la dunia. Fumbo halikulipii nauli, wala halikushikilii kitini saa nane usiku ukisubiri jaribio liishe.

Ubongo uliniingilia kwa mlango wa kemia yenyewe. Mhadhiri mmoja alikuja kutufundisha utando wa seli, akatueleza habari za Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza wawili waliotumia neva nene ya ngisi kupima jinsi ujumbe unavyosafiri mwilini. Neva nyingi za binadamu ni nyembamba kuliko unywele. Ya ngisi huweza kufikia karibu milimita moja, unaweza kuingiza waya mwembamba ndani yake. Mwaka 1952 wakatoa milinganyo yao: utando una malango, malango yanafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, potasiamu inatoka, na wimbi la umeme linapita. Mwaka 1963 wakapewa Nobel. Nilichokielewa siku ile ni kwamba wazo, kumbukumbu, hofu, vyote vinapitia kwenye mlango wa sodiamu, ile ile ya chumvi ya mezani.

Jumamosi yake nikaenda soko la samaki la Feri. Nikanunua ngisi, nikamwomba kijana anayeparua samaki amfungue taratibu, asimkate vipande. Aliniangalia kama mtu anayetaka kumloga mtu. Ndani ya lile vazi la nyama kulikuwa na nyuzi nyeupe zimetawanyika kama mishipa ya jani, na mojawapo nene kuliko nyingine. Nikaigusa kwa kucha. Kisha nikampelekea mama ngisi wake, akampika na nazi.

Lakini hiyo ilikuwa raha, haikuwa sababu. Ningeweza kupenda neva ya ngisi nikabaki mkemia, na wengi wamefanya hivyo. Sodiamu haiulizi kwenu wapi. Uzito wake ni ule ule Kariakoo na Oslo, na mtu wa Oslo akiupima vizuri sina haja ya kuupima upya kwa sababu tu mimi ni Mtanzania. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo baadaye nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu: ni sayansi ipi ambayo wewe ukikosekana, jibu lake linaharibika?

Nikaanza kulitafutia jibu kwao mama, Mahenge.

Anayeijua wilaya ile ya Ulanga atakuwa anajua ninachotaka kusema. Kifafa kule si habari ya nyumba moja au mbili. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa nacho. Alikuwa na kovu kuanzia kiwiko hadi bega, ngozi imejikunja na kung'aa, kwa sababu kilimshika akiwa anaota moto, na waliokuwepo hawakumvuta haraka. Si kwamba walikuwa wakatili. Waliogopa lile povu. Walilelewa wakijua kwamba mate ya mtu aliyeanguka yanaambukiza, na ukimgusa wakati huo unakibeba wewe. Alikula kwa sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake. Shule aliacha mapema. Mchezaji mzuri wa bao kuliko yeye sijamwona.

Daktari wa kwanza kuuchukua ugonjwa ule kama swali la sayansi alikuwa mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960. Aliwatibu watu kwa fenobabito, akaandika alichokiona. Jambo moja aliloliandika lilikaa muda mrefu bila kutiliwa maanani: watoto wanaotikisa kichwa. Si kuanguka, ni kichwa kudondoka mbele na kuinuka, kudondoka na kuinuka, mara nyingine chakula kikiwekwa mbele yao. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa wa namna ile ulizuka kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, na Sudan Kusini, na hapo ndipo wataalamu wakarudi kufungua maandishi ya Mahenge.

Wanaoshukiwa ni usubi. Nzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi wanauma, wanaacha mnyoo, na mnyoo huo tulikuwa tunaujua kwa upofu tu. Sasa mara nyingi unapochunguza eneo lenye usubi mwingi usiodhibitiwa unakuta na kifafa kimekaa hapo hapo. Kwa njia gani, hapo ndipo penye kazi. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wa kutikisa kichwa wana kingamwili zinazoshambulia protini ya mwili wao wenyewe, leiomodini-1, na kwamba kingamwili hizo hizo zinaishika na protini ya mnyoo. Yaani mwili unampiga mnyoo na ngumi inamfikia mwenye mwili. Ni dhana nzuri, na haijamaliza ubishi.

Niliposoma habari hizo nilikuwa mwaka wa tatu, na niliona kitu ambacho kemia haikuwahi kunionyesha: swali la dunia nzima ambalo ushahidi wake uko kwenye njia ya kwenda kwa bibi. Mtu wa Oslo angeweza kulijibu, ndiyo, na mmoja wao alianza. Lakini angehitaji mkalimani wa kumweleza kwa nini mama fulani anasema mtoto "ana usingizi" kumbe anamaanisha kifafa, na kwa nini jirani hataki kutaja.

Kuna sababu ya pili, na hii si ya kupendeza. Nilikuwa maktaba nikitafuta habari nyingine kabisa nilipokutana na makala ya Jarida la Anatomia la Uingereza, ya mwaka 1934, yenye kichwa kinachohusu ubongo wa "mwenyeji wa Kenya". Mwandishi, F. W. Vint, alikuwa mpatholojia wa serikali ya kikoloni Nairobi. Alichukua bongo za Waafrika waliofia hospitalini, akazipima, akakata gamba la ubongo akalihesabia unene, kisha akalinganisha na takwimu za Wazungu zilizokwisha chapishwa. Hitimisho lake mnalijua bila mimi kulisema. Matokeo hayo yalibebwa na kikundi kilichoundwa Nairobi mwaka 1933 kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya Mathari, aliandika ripoti iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Nilikaa na makala ile mchana mzima. Ubaguzi sikuushangaa, babu alitusimulia wa kutosha. Kilichonishika ni jinsi ilivyofanana na sayansi. Majedwali, mikroskopu, desimali. Mtu masikini na mgonjwa anafia wodini Nairobi, ubongo wake unalinganishwa na wa mtu aliyekula akashiba Ulaya, na tofauti inapewa jina la mbari. Atomu huwezi kuitukana, na hata ukiitukana haidhuriki. Ubongo ni kitu pekee ninachokijua ambacho kipimo kibovu kinaweza kugeuka kuwa sheria ya nchi. Nikasema hapa ndipo nitakapokaa. Baba mdogo nikamwambia baada ya wiki kadhaa, kwa simu, maana uso kwa uso nisingeweza. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na hiyo inaajiriwa na nani?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yangu. Nitalirudia.

Kujifunza kwenyewe nilianzia Uganda, Ishaka, kwenye kozi fupi ambako vijana wa Afrika walikuwa wakifundishwa sayansi ya ubongo kwa kutumia nzi wa matunda. Nzi hawa ni maskini wenzetu: wanakula ndizi iliyoiva, wanazaana ndani ya siku kumi na kitu, hawahitaji friji ya bei. Ubongo wa mmoja una seli za neva karibu 139,000, na mwaka 2024 ramani ya miunganiko yake yote ilichapishwa. Wa kwetu una bilioni 86 hivi, kwa hesabu ya Suzana Herculano-Houzel wa Rio de Janeiro, aliyetoa namba hiyo na wenzake mwaka 2009 kwa kuuyeyusha ubongo ukawa supu na kuhesabu viini vya seli.

Mwalimu alitupa vichupa viwili. Nzi wa chupa ya kwanza walikuwa wa kawaida. Wa pili walikuwa na kasoro kwenye jeni la lango la sodiamu. Tukaweka vichupa kwenye mashine ya kutikisa kwa sekunde kumi, tukavitoa. Wa kwanza walipepesuka kidogo, wakapanda ukutani. Wa pili walilala chali. Mabawa yakavuma, miguu ikatetemeka, kisha wakakauka, wote, kama waliokufa. Nikahesabu. Mmoja akaanza tena kutetemeka, kwa muda mfupi zaidi. Halafu akajigeuza, akasimama, akajipangusa uso kwa miguu ya mbele, akaenda zake. Binadamu naye ana jeni la ukoo huo, na likiharibika mtoto anaweza kuzaliwa na kifafa kikali. Wenzangu walikuwa wakicheka, wanapiga picha. Mimi nilikuwa namwona kaka akiamka kwenye mkeka, anapangusa uso, anauliza nani ameshinda bao.

Kwa hiyo kemia sikuiacha. Ilinifuata, na fizikia ikaja nyuma yake, na takwimu, ambayo ndiyo iliyonitesa zaidi. Wanaodhani sayansi ya ubongo ni mahali pa kuikimbilia hesabu wanajidanganya. Unakuwa mkemia wa wastani, mfizikia wa chini ya wastani, mwanatakwimu kwa lazima, na fundi umeme siku za mvua. Kama moyo wako unataka kumiliki jambo moja kikamilifu, nenda kemia. Nasema hivi bila dhihaka.

Kazi yangu ya kila siku sasa ni mawimbi ya ubongo. Mjerumani Hans Berger aliyanasa kwa mara ya kwanza kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924, akachapisha mwaka 1929, na msingi haujabadilika sana: vidude vidogo vya chuma vinabandikwa kichwani, vinasoma umeme wa mamilioni ya seli zinazofanya kazi pamoja. Mahali pa kubandika palipangwa kimataifa mwaka 1958. Unapima kutoka bonde la pua hadi kifundo cha kisogo, unagawa kwa asilimia 10 na 20, unaweka alama. Na kila kidude kikae kwenye ngozi kabisa, upinzani uwe chini ya kilo-omu 5, la sivyo unarekodi kelele.

Waliopanga hayo walikuwa na nywele zinazolala.

Siku moja aliletwa binti wa miaka tisa, kasukwa twende kilioni, imebana, safi, inanukia mafuta ya nazi. Mwenzangu akamwambia mama mtu kwamba nywele zifumuliwe zote. Mama akaniangalia mimi. "Dada, hizi nimezilipia juzi. Na amesukwa kwa sababu ya kuja hospitali, asionekane mtoto asiye na mwenyewe."

Mimi nimesuka watu tangu nikiwa darasa la sita. Likizo zote nilikuwa nasuka barazani, ndiyo iliyokuwa hela yangu ya daftari. Nikachukua utepe, nikapima kichwa cha yule binti, nikaona mistari mitatu inapita karibu kabisa na alama zinazotakiwa. Nikafumua misuko minne tu, nikaisuka upya nikiipeleka kando ili njia ya ngozi ipite pale pale panapotakiwa kidude. Kitana cha mkia, jeli kidogo, kidude, msuko juu yake ukikibana kama kibanio. Binti akasinzia kabla sijamaliza, wanavyosinzia watoto wote wakisukwa, na kusinzia ndiko tunakokutaka, maana dalili za kifafa hujitokeza vizuri usingizini. Upinzani ulisoma vizuri kuliko wa mgonjwa aliyemtangulia, mzee mwenye kipara.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Pittsburgh, Carnegie Mellon, mwanafunzi mmoja aitwaye Arnelle Etienne na wenzake walichapisha mwaka 2020 vidude vilivyotengenezwa kwa ajili ya nywele kama zetu, vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Nilifurahi kama niliyepata ndugu. Kabla ya hapo watafiti wengi walikuwa wakiwaruka watu wenye nywele nzito na zilizosukwa: inachukua muda, data inatoka chafu, mtafute mwingine. Hakuna aliyekaa kikao akaamua tusiwemo. Tulichujwa na kitana. Kisha yanaandikwa mambo kuhusu "ubongo wa binadamu". Makosa ya Vint yalikuwa na kiburi. Haya hayana kiburi hata kidogo, na ndiyo maana ni vigumu zaidi kuyaona.

Sasa lile swali la baba mdogo. Inaajiriwa na nani?

Kwa sehemu kubwa, na vyuo vya udaktari. Unafundisha fiziolojia kwa madarasa yaliyojaa, na utafiti unaufanya jioni na kwa fedha za wafadhili wa nje, ambao kila baada ya miaka michache hubadilisha wanachokipenda. Kemikali zinazotakiwa kukaa kwenye barafu zinakwama forodhani hadi barafu inaisha. Mashine ikiharibika, fundi wake yuko bara jingine. Mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja aliingia kwenye gesi na amejenga nyumba mbili. Mwingine alisomea gesi vile vile, miradi ikachelewa, sasa anauza vifaa vya ujenzi Mbagala, kwa hiyo hata utabiri wa baba mdogo haukuwa wa kutegemewa. Lakini kijana anayetegemewa na wadogo zake wanne simshauri aje huku moja kwa moja. Namwambia asome famasia au maabara ya tiba, apate mshahara, ubongo hautahama.

Na wapo ambao nimewashauri wasije kwa sababu nyingine. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa Newala, mwenye akili kali, alikuja ofisini akitaka nimsimamie. Nilimuuliza nini kimemleta. Akanisimulia shangazi yake, aliyelala mzima akaamka miguu imekakamaa, tangu hapo anatembea kwa ncha za vidole akijikaza kwa fimbo. Konzo. Ugonjwa huo unajulikana tangu Mwitaliano Trolli alipouandika huko Kwango, Kongo, mwaka 1938. Tarime uliwapiga watu mwaka 1985, na Mtwara nayo imeuonja. Muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, mwaka wa njaa, chakula kisicho na protini, na sianidi inaharibu seli za neva zinazoendesha miguu. Zikishaharibika hazirudi.

Nilimwambia ukweli ninaouamini: kwa konzo mtu wa neva anakuja amechelewa. Aliyesaidia zaidi ni mkemia wa Australia, Howard Bradbury, kwa jambo dogo la jikoni. Unga wa muhogo unaloweshwa maji, unatandazwa uwe tabaka jembamba, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinamaliza kazi, sianidi inatoka kama gesi inapeperuka, na ugali unapikwa siku hiyo hiyo. Ilijaribiwa vijijini Kongo na akina mama wakaikubali. Hakuna ubongo uliochunguzwa hapo, na miguu imeokoka. Kwa kipimo changu mwenyewe, kile cha kuuliza ni sayansi ipi inaharibika ukikosekana, yule mwanafunzi nafasi yake ilikuwa kwenye unga. Nani mwingine angejua makopa ya kwao yanakaushwaje, na ni mwezi gani watu wanaanza kupunguza siku za kuloweka?

Alinuna kidogo. Kisha akaenda kusoma kemia ya chakula, na baba yake, nasikia, alifurahi sana kwa sababu aliamini kemia itamwingiza kwenye gesi.

Mwezi uliopita yule mwanafunzi alinipigia. Ana karatasi zake za pikrati, zile za njano zinazogeuka kahawia penye sianidi, na ana kijiji ambacho wenyewe wamekubali unga upimwe. Anachokosa ni mtu wa kupima neva zinazoendesha miguu kwa watu ambao bado wanatembea vizuri, aone kama kuna walioanza kuguswa bila kujijua. Nimemwambia nitakwenda, na mashine nitaipakata mwenyewe mapajani toka huku hadi Newala, maana nikiiweka kwenye buti la basi najua waya zitafika ngapi.